Msitu Unaonunua Miaka: Mibuni ya Mwituni na Hesabu Yake

MWANAESHA: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Shela, Matondoni, na ng'ambo kule Faza na Siyu. Leo dele la kahawa liko jikoni, na mada yetu imo ndani ya dele. Twazungumzia mibuni ya mwituni, ile isiyopandwa na mtu: ina thamani gani kwa pesa, na thamani hiyo huhesabiwa vipi. Mimi nitashika upande wa hesabu, na Maalim Shee atashika upande wa mti.

SHEE: Waaleikum salaam, Bi Mwanaesha. Tuanze na maneno, maana yakichanganyika kila kitu kitachanganyika. Hapa pwani mbuni ni mti, buni ni tunda na punje yake, kahawa ni ile iliyomo kwenye finjani. Ukifika Nyeri au Kirinyaga, mkulima akikwambia "mbuni" huwa anakusudia tunda lililokaushwa na ganda lake bila kumenywa, lile la daraja ya chini. Leo nikisema mbuni nakusudia mti.

MWANAESHA: Na huo mti wa arabika, aina ya mbuni tunayoizungumzia leo, mwituni waota wapi?

SHEE: Mahali patatu tu duniani. Misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, zaidi upande wa kusini-magharibi: Kaffa, Yayu, Sheko, na upande wa pili wa Bonde la Ufa, msitu wa Harenna katika milima ya Bale. Pa pili ni uwanda wa juu wa Boma, Sudan Kusini. Pa tatu ni mlima Marsabit, hapa Kenya. Sasa mtu wa Lamu asikilize majina hayo tena: Sudan Kusini, Ethiopia, Marsabit. Hizo ni sehemu za LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu na njia zake za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Bandari iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021 hapa kwetu ilichorwa ihudumie kanda ile ile ambayo ndiyo kwao arabika. Mzigo wa kahawa ya Ethiopia ukishuka huku, utakuwa umeteremka kutoka nyumbani kwa mti wenyewe.

MWANAESHA: Na barabara inayoteremsha mzigo hupandisha msumeno pia. Tutarudi hapo. Kwanza tueleze kwa nini mti wa mwituni una kitu ambacho mti wa shambani hauna. Kwa jicho la kawaida ni majani yale yale.

SHEE: Arabika ilitokana na mibuni miwili ya aina tofauti kukutana: kanefora, ambayo ndiyo tunayoiita robusta, na eugenioides. Kila mmoja ana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, 22; mtoto wao akatoka na 44. Mtoto huyo hujichavusha mwenyewe, hahitaji mwenzake. Kwa hiyo tangu mwanzo ukoo wake ni mwembamba. Kisha mwanadamu akaufanya mwembamba zaidi. Kutoka Ethiopia zilitoka mbegu chache kwenda Yemen. Kutoka Yemen zilitoka chache zaidi kwenda Java, mwishoni mwa karne ya 17. Kutoka Java mche ukafika Amsterdam mwaka 1706. Mwaka 1714 mti ukapelekwa Paris, zawadi kwa mfalme Louis wa 14, na uzao wake ukavushwa hadi Martinique. Huo ndio ukoo wa Typica. Ukoo wa pili, Bourbon, ulitoka Yemen ukapitia kisiwa cha Réunion. Sehemu kubwa sana ya arabika ya Amerika yote ilitokana na koo hizo mbili.

MWANAESHA: Maana yake, ugonjwa ukijua kuingia mti mmoja, umejua kuingia shamba zima.

SHEE: Na bara zima. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ni kuvu, Hemileia vastatrix, unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Jani hudondoka kabla ya wakati, mti hubaki na matunda bila majani ya kuyalisha, matawi hukauka kuanzia ncha. Kisiwa kilichokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani kikang'oa mibuni na kupanda chai. Mwaka 1970 kutu hiyo ikaonekana Brazil. Msimu wa 2012 na 2013 ikaangusha mashamba ya Amerika ya Kati kiasi kwamba Guatemala ilitangaza hali ya dharura.

MWANAESHA: Ugonjwa utakaotufaa zaidi kwa hesabu ya leo ni ule mwingine, chulebuni. Wenzetu wa Tanzania ndio wenye jina hilo, na ni jina zuri.

SHEE: Chulebuni, naam. Kuvu pia, Colletotrichum kahawae. Hata jina lake la kisayansi limebeba neno letu, kahawa. Iligunduliwa Kenya mwaka 1922. Hupenda baridi na mvua za nyanda za juu. Hushambulia tunda likiwa bado bichi, katika wiki zile linapotanuka: doa jeusi lililobonyea, kisha tunda zima huoza au kunyauka likiwa mtini. Mwaka wenye mvua nyingi, kama mkulima hakunyunyiza dawa, yaweza kuchukua hadi asilimia 80 ya mavuno. Na dawa zenyewe, zile za kopa na nyinginezo, lazima zianze kabla ya mvua na zirudiwe rudiwe msimu wote. Ukichelewa duru moja wakati mvua imekolea, zile ulizotangulia kunyunyiza zimekuwa kazi bure, kwa sababu tunda changa limeshaingiwa.

MWANAESHA: Sasa hapa kuna mwaka nataka wasikilizaji waushike: 1971. Mwaka huo mambo mawili yalitokea katika nchi mbili jirani, na ukiyaweka sambamba yatakwambia thamani ya msitu kuliko maelezo yoyote. Kenya ilianzisha programu yake ya kuzalisha mibuni inayohimili chulebuni, pale kituo cha Ruiru. Mwaka huo huo chulebuni iliingia Ethiopia. Maalim, endelea.

SHEE: Kenya mashamba yalijaa SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930. Ladha yake haina mpinzani, lakini chulebuni huipenda sana. Ndani ya ukoo ule hakukuwa na kinga ya kutosha, kwa hiyo Ruiru walilazimika kuichukua nje. Vyanzo vikuu vilikuwa vitatu. K7, aina iliyochaguliwa humu humu Kenya, yenye kinga kiasi. Híbrido de Timor, mti uliozaliwa wenyewe kisiwani Timor kwa arabika kuchanganyika na robusta, wenye kinga ya kutu na ya chulebuni. Na cha tatu ni Rume Sudan, mbuni kutoka msitu wa Boma, uliokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Rume Sudan ndio wenye jeni kali kuliko zote ya kuzuia chulebuni.

MWANAESHA: Kinga ipo. Kazi ni kuihamisha.

SHEE: Na hapo ndipo miaka inapoliwa. Kwa sababu Rume Sudan huzaa kidogo sana. Ukiuchanganya na SL28, mtoto anapata kinga lakini anarithi na uchache wa mazao. Inabidi umrudishe kwa SL28 tena, na tena, kila mara ukichagua wale waliobaki na kinga tu.

Niieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani ni maabara tupu. Siku moja kabla ua halijafunguka, tumba huwa jeupe, refu, limevimba kama kimshumaa. Stameni, sehemu za kiume za ua, zimeshikamana na mrija wa petali, kwa hiyo ukiuvuta mrija taratibu kwa kibano unatoka na stameni zake zote, inabaki sehemu ya kike peke yake. Unafunika tawi kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake asubuhi unaleta ua lililofunguka la mti uliouchagua uwe baba, unagusisha chavua yake, unarudisha mfuko, unafunga kibandiko: mama, baba, tarehe. Kinachoharibu kazi hii ni saa chache tu. Ukichelewa, mti umeshajichavusha, na wewe hujui. Utalea mche miaka mitatu ndipo ugundue ni mtoto wa mama peke yake.

Tunda likishika, lahitaji miezi 7 hadi 9 kuiva. Punje mbili kwa kila tunda. Kuota, wiki 6 hadi 8. Kutoa maua, mwaka wa pili au wa tatu. Na mavuno ya mwaka mmoja hayakwambii kitu, kwa kuwa mbuni huzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka ujao. Wahitaji mavuno manne hivi ndipo useme mti huu wazaa au hauzai. Kizazi kimoja ni kama miaka mitano.

MWANAESHA: Kuna njia ya mkato waliyoivumbua, ya kupima kinga kwenye kitalu.

SHEE: Ni kazi nzuri sana ile. Badala ya kungoja mti uzae ndipo uone kama tunda litaoza, unachukua miche ya wiki kadhaa, kile kijishina kilichobeba punje juu kabla majani hayajafunguka. Unanyunyizia maji yenye mbegu za kuvu, kama milioni 2 kwa mililita moja, unaifunika ibaki na unyevu, joto la nyuzi 20 hivi. Baada ya wiki tatu unatoa alama kuanzia 1, mche safi, hadi 12, mche uliokufa. Wenye alama za juu unatupa. Miche elfu moja inapimwa juu ya meza, ambapo shambani ingehitaji ekari nzima na miaka mitatu. Joto likipanda mno kuvu hulala, miche dhaifu hupata alama nzuri isiyostahili, na kosa hilo utalilipa shambani.

Pamoja na mkato huo wote, aina ya kwanza yenye kinga, Ruiru 11, ilitoka mwaka 1985. Miaka 14. Na aina ya pili, Batian, ndefu na yenye mbegu zinazoweza kuzalishwa bila kuchavusha kwa mkono, ilitoka 2010.

MWANAESHA: Miaka 14. Sasa vuka mpaka.

SHEE: Ethiopia walifanya jambo jingine. Hawakuanza kuchanganya. Walikwenda msituni na kwenye mashamba ya kale yaliyo kando ya msitu, mahali ambapo chulebuni tayari ilikuwa kali, wakatafuta miti iliyosimama na matunda mazima katikati ya miti iliyooza. Miti mama hiyo wakachukua mbegu zake, wakazipima kwenye kitalu kama nilivyoeleza, wakazipanda majaribio. Ndiyo sababu mibuni ile ina majina ya namba: 74110, 74112, 74140. Hiyo 74 ni mwaka 1974. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 miche ilikuwa inagawiwa wakulima. Miaka saba hivi. Kuhamisha jeni kutoka mti duni hadi mti bora hawakuhitaji, kwa sababu msitu ulikuwa umeshawafanyia: ulikuwa na miti yenye kinga na inayozaa vizuri pia.

MWANAESHA: Saba kwa 14. Ugonjwa ule ule, mbinu ya kupima inayofanana, mwaka wa kuanza mmoja. Tofauti ni kwamba wa pili alikuwa na msitu mlangoni. Sasa niitie pesa tofauti hiyo.

Tuchukue mkulima wa mfano mwenye mibuni 500. Kila mbuni kilo 5 za matunda mabivu, kilo tuiweke shilingi 100 ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni 250,000 kwa mwaka. Gharama zake zote tuseme 120,000. Kwa mibuni isiyo na kinga, kupambana na chulebuni huweza kufika asilimia 30 ya gharama ya uzalishaji. Hapa ni 36,000. Mti wenye kinga humrudishia hiyo 36,000. Wakulima 10,000 wa namna hiyo, ni shilingi milioni 360 kila mwaka.

Lakini milioni 360 za mwaka ule si milioni 360 za leo. Pesa ijayo lazima ipunguzwe kwa kiwango fulani kwa kila mwaka unaongoja. Tukitumia asilimia 10: milioni 360 zikianza kuingia mwaka wa saba, thamani ya huo mwaka wa kwanza wa faida, kwa leo, ni kama milioni 185. Zikianza mwaka wa 14, ni kama milioni 95. Milioni 90 zimeyeyuka kwa kungoja tu. Ndiyo maana nasema msitu hununua miaka. Jeni yenyewe pengine ungeipata mahali pengine siku moja. Ila ungeipata lini?

SHEE: Na katika miaka ile saba ya nyongeza mkulima ananyunyiza kopa.

MWANAESHA: Ananyunyiza, au ameng'oa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya hesabu: hasara inayozuilika. Ya pili, wangapi watapanda aina mpya na kwa kasi gani. Hapa makadirio mengi huanguka, kwa sababu mkulima hang'oi mbuni unaozaa ili angoje miaka miwili mitatu. Maalim, Ruiru 11 ilikwama wapi?

SHEE: Kwenye mbegu. Ruiru 11 ni chotara. Mbegu yake ya kweli hutoka kwa kuchavusha kwa mkono, ua kwa ua, kila mwaka. Miche ikawa haitoshi kwa miaka mingi. Tena hupandwa karibu karibu, mita 2 kwa 2, mibuni 2,500 kwa hekta, ambapo SL28 huwekwa 1,330. Miche mingi zaidi kwa eneo lile lile, kutoka kitalu ambacho tayari hakitoshi. Kilichosaidia ni kubebesha: unakata SL28 ya zamani, unaacha vichipukizi vichache, unabebesha kikonyo cha Ruiru 11 au Batian juu yake. Mizizi ya SL28 ni mirefu na hustahimili kiangazi, kichwa kina kinga. Ila lazima uondoe kila chipukizi kinachotoka chini ya kiungo. Ukikiacha, SL28 itakishinda kile ulichobebesha na utarudi kwenye chulebuni.

MWANAESHA: Hatua ya tatu ni gharama ya uzalishaji wenyewe: vituo, mishahara, mashamba ya majaribio, kwa miaka yote hiyo. Ya nne ni kupunguza kwa miaka. Mwaka 2006 watafiti wawili, Lars Hein na Franz Gatzweiler, walichapisha hesabu kama hii kwa arabika yote ya mwituni ya Ethiopia. Walipima faida tatu: kinga dhidi ya magonjwa na wadudu, kafeini kidogo, na mazao zaidi. Kipindi cha miaka 30. Wakipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, thamani ilikuwa dola milioni 1,458. Wakipunguza kwa asilimia 10, dola milioni 420.

SHEE: Bilioni moja na zaidi imepotea kwa kubadilisha tarakimu moja.

MWANAESHA: Na wao wenyewe walisema wazi kuwa makadirio yana mashaka makubwa: muda wa kuzalisha aina mpya, na idadi ya wakulima watakaozipokea. Mimi nakubaliana na njia yao, lakini kiwango cha punguzo ni swali la nani anayengoja. Serikali yaweza kungoja kwa asilimia 5. Mama wa Kaffa mwenye watoto wa kulisha na ada ya kulipa hawezi. Kwake pesa ya miaka 25 ijayo ni kama haipo. Dola 100 zitakazokuja baada ya miaka 25, kwa asilimia 10, leo ni dola 9 na senti. Yeye hata hizo 9 hazimfikii. Anachokiona ni kwamba msitu huzaa kahawa kidogo, na mahindi, miraa au mikaratusi ingempa pesa mwaka huu. Akifyeka hajakosea hesabu. Hesabu yake ni ile inayomfikia.

SHEE: Na si lazima afyeke ndipo tupoteze. Mahali pengi hupunguza tu: huondoa vichaka vya chini, hupogoa miti ya kivuli, ili mibuni ipate mwanga na izae zaidi. Mavuno hupanda kweli. Lakini miche midogo inayoota yenyewe ndiyo hufyekwa pamoja na vichaka, na miche hiyo ndiyo kizazi kijacho chenye mchanganyiko mpya. Kisha huleta miche ya aina zilizochaguliwa na kuijaza kwenye mapengo. Ukipita barabarani utaona msitu wa kijani wenye kahawa. Ndani yake ukoo umeshapungua.

MWANAESHA: Kuna kitu hesabu ya 2006 ingepata shida kukikamata, na kimeshatokea. Ni mbuni uitwao Geisha.

SHEE: Geisha ilikusanywa miaka ya 1930 upande wa Gesha, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ikapita hapa kwetu Afrika Mashariki; ikawa Lyamungu, chini ya Kilimanjaro, na kutoka huko mwaka 1953 ikafika kituo cha Turrialba, Costa Rica. Panama waliigawa kwa wakulima kwa sababu huvumilia kutu. Wengi hawakuipenda: matawi yake huvunjika ovyo na mazao ni machache. Mwaka 2004 shamba moja la Panama liliitenga peke yake badala ya kuichanganya na nyingine, ikapelekwa mnadani. Ikauzwa dola 21 kwa ratili, bei isiyowahi kuonekana huko.

MWANAESHA: Na mwaka 2019, dola 1,029 kwa ratili. Zaidi ya dola 2,260 kwa kilo. Mti ulikaa karibu miaka 70 tangu kuchukuliwa, ukidhaniwa thamani yake ni kuvumilia kutu, kumbe thamani yake ni ladha. Hakuna mtafiti wa 1935 angeiweka kwenye jedwali.

SHEE: Na kafeini, ile waliyoiingiza kwenye hesabu, nayo ina kisa chake. Mwaka 2004 watafiti wa Brazil walitangaza wamepata mibuni mitatu ya arabika isiyo na kafeini, kati ya mibuni 3,000 waliyoipima. Mbegu zake zilikusanywa Ethiopia miaka ya 1960. Arabika ya kawaida ina asilimia 1.2 hivi, hiyo ina chini ya 0.1. Kahawa isiyo na kafeini leo hutengenezwa kwa kuloweka buni mbichi na kuifyonza kafeini kwa maji, kemikali au gesi ya kaboni chini ya shinikizo. Gharama inaongezeka na ladha inapungua. Mti ukizaa hivyo wenyewe, hatua nzima imeondoka. Ila mitatu ile ilizaa kidogo, kwa hiyo ile ngazi ya miaka mitano mitano niliyoieleza ikaanza tena.

MWANAESHA: Limetujia swali kutoka Mpeketoni, na ni swali la maana: kwa nini tusichukue mbegu za kila mbuni wa mwituni, tuzikaushe, tuziweke kwenye baridi kali, kisha tusiwe na haja ya msitu?

SHEE: Kwa sababu buni haikubali. Mahindi na mtama unavikausha hadi vikauke kabisa, unaviweka nyuzi 20 chini ya sifuri, miongo inapita. Punje ya arabika ukiifanyia hivyo inakufa. Ukiihifadhi vizuri, na unyevu kiasi na ubaridi wa wastani, baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo uotaji umeshaanguka vibaya. Kwa hiyo benki yake ni shamba: miti hai iliyopandwa mistari. Ethiopia wanayo Choche karibu na Jimma, Costa Rica wanayo Turrialba. Shamba huzeeka. Huugua. Huhitaji kupaliliwa hata mwaka ambao bajeti imekatwa. Kibandiko kikipotea, mti umepoteza jina lake na nusu ya thamani yake. Njia ya kugandisha viini kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ipo, lakini yahitaji maabara na mikono hodari. Na hata hiyo hugandisha kile ulichokichukua siku ile. Msituni mti unaendelea kupambana na kuvu ambayo nayo inabadilika.

MWANAESHA: Inabadilika kweli. Lempira.

SHEE: Lempira ya Honduras, aina iliyogawiwa kwa wingi baada ya kutu ya 2012 kwa kuwa ilikuwa na kinga. Mwaka 2017 ikathibitishwa kinga imevunjika. Chanzo cha kinga yake ni Híbrido de Timor, na ndicho chanzo cha karibu kila aina yenye kinga ya kutu duniani: Catimor zote, Sarchimor zote. Mti mmoja wa kisiwa kimoja ndio ukuta wa dunia nzima. Ufa ukipita hapo tutahitaji chanzo kingine, na chanzo kingine kiko kwenye aina za mwituni.

MWANAESHA: Na aina za mwituni si arabika peke yake. Tusimalize bila kutaja za pwani.

SHEE: Hapa kwetu kuna Coffea pseudozanguebariae. Zanguebar ni jina la zamani la pwani hii yetu. Hupatikana misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Shimba Hills ipo. Ni mbuni wa nchi tambarare na yenye joto, na punje yake haina kafeini kabisa. Usikimbilie kuichuma: ina kemikali chungu inayoharibu kinywaji. Tena ina kromosomu 22, arabika ina 44. Ukizichanganya moja kwa moja mtoto huwa tasa. Lazima kwanza uongeze kromosomu mara mbili kwa kemikali iitwayo kolchisini, na hapo usihesabu miaka 14, hesabu zaidi. Lakini nyanda za juu zinazidi kupata joto. Mwaka 2019 ilionekana kwamba katika aina 124 za mibuni zilizojulikana, asilimia 60 ziko hatarini kutoweka, na arabika ya mwituni ni mojawapo.

MWANAESHA: Basi tuje kwa nani analipwa. Geisha ilitoka miaka ya 1930, mbegu za Brazil zilitoka miaka ya 1960. Mkataba wa Bayoanuwai ni wa 1992, Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ni ya 2010, na sheria hizo hazirudi nyuma. Kwa hiyo Panama haidaiwi kitu na Gesha. Kwa kitakachotoka kuanzia sasa, Ethiopia ina sheria yake ya 2006, na Kenya ina kanuni zake za mwaka huo huo chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtu anayetaka jani, kikonyo au mbegu ya mbuni wa Marsabit kwa utafiti anahitaji kibali cha NEMA, idhini ya wenyeji iliyotolewa wakiwa wamefahamishwa mapema, na makubaliano ya maandishi ya kugawana faida.

Hayo makubaliano ndiyo nataka watu wayasome. Yakisema "asilimia fulani ya faida" tu, hayana kitu: faida itatokea baada ya miaka 20, katika nchi nyingine, kwa kampuni nyingine iliyonunua mbegu kwa mtu wa tatu. Yadai malipo ya mwanzo wakati wa kukusanya. Yadai malipo ya kila mwaka ya kuutunza msitu, ambayo hayangoji aina mpya itoke. Yaseme kwamba kila anayepokea mbegu baadaye anafungwa na masharti yale yale. Na sampuli moja ibaki nchini.

SHEE: Na kabla ya hayo yote, Marsabit ihesabiwe. Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale imeshapita pale. Boma tulikwisha kuchelewa kidogo: timu ya watafiti iliyopanda Aprili 2012 ilikuta msitu umekatwa na kuchomwa, na chini ya mibuni miche michanga michache. Mlimani kazi si ngumu. Unaweka viwanja vya ukubwa mmoja, unahesabu kila mbuni na kuupima shina, unaandika mahali kwa kifaa cha setilaiti, unakata jani moja na kulikausha kwenye silika, punje zinazofyonza unyevu, kwa ajili ya kupima jeni. Na unahesabu miche iliyo chini ya goti. Kama miti mikubwa ipo na miche haipo, msitu ule unaishi kwa akiba ya zamani, na mifugo au moto ndiyo inayoumaliza.

MWANAESHA: Miche chini ya goti. Basi, tumefika hapo kwa leo. Wasikilizaji, maswali yenu kama kawaida, na wa Mpeketoni ahsante sana. Maalim, dele limechemka.

SHEE: Nipe finjani.